Mabinti wa Nchi Tano, Shamba Moja la Kibaha

Daladala ya Mlandizi haikawii kujaa pale Mbezi, nje ya Kituo cha Mabasi cha Magufuli. Kondakta anapiga ubavu wa gari huku akiimba vituo vyake, Kibamba, Kiluvya, Maili Moja, Kwa Mathias, Picha ya Ndege, na kabla abiria hajapata pa kuweka miguu kati ya ndoo na viroba, gari limeshaondoka. Barabara ya Morogoro siku hizi ni pana, njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2. Waliozoea kukesha kwenye foleni ya Kimara wanajua faida yake. Waliobomolewa nyumba ili ipite wanajua gharama yake. Ukifika Kiluvya jiji limeanza kukuacha, na Mkoa wa Pwani unakupokea na miembe, mikorosho na vibanda vya mihogo ya kukaanga.

Nilishuka Maili Moja nikachukua bodaboda. Safari yangu ilikuwa ya kuwafuata mabinti waliokuja kukaa pamoja shambani: Mganda, Mnyarwanda, Mkenya, Mmalagasi na wenyeji wao Watanzania, wote Girl Guides, wote wamevuka umri wa sekondari. Mwenyeji wao alikuwa mama mmoja aliyejiunga na Girl Guides akiwa shule ya msingi na hajawahi kutoka. Mumewe amestaafu ualimu, mama yake mzazi, bibi wa nyumba, anaishi nao, na shamba ni la ukoo. Lina mihogo, minazi, mikorosho iliyozeeka, kuku wasiohesabika na mbuzi wachache wanaokula kila kitu kasoro nyasi.

Chama cha Girl Guides Tanzania, TGGA, ni cha zamani kuliko nchi yenyewe. Kilianza Tanganyika mwaka 1928, mwaka uleule ambao vyama vya mataifa mbalimbali viliunda umoja wao wa dunia, WAGGGS, ambao leo una mamilioni ya wanachama katika nchi zaidi ya 150. Umoja huo una vituo vyake vya dunia huko Uswisi, Uingereza, India na Meksiko. Kituo cha tano ni cha Afrika, nacho hakina jengo. Huhama nchi hadi nchi, na jina lake ni Kusafiri. Waliolichagua walijua walifanyalo.

Mpango unaowaleta mabinti hawa unaitwa YESS. Ni ubadilishanaji wa vijana kati ya nchi za kusini zenyewe kwa zenyewe: binti wa Kampala anakwenda Kigali au Antananarivo, wa Dar es Salaam anakwenda Kampala, na kila mmoja anakaa miezi kadhaa akifanya kazi na chama cha nchi iliyompokea. Fedha nyingi zimetoka Norwei, kupitia shirika la serikali liitwalo Norec. Zamani shirika hilo liliitwa Fredskorpset, na kazi yake ilikuwa kuwapeleka vijana wa Norwei kufanya kazi katika nchi changa. Baadaye likaona kwamba vijana wa nchi changa nao wana mambo ya kufundishana bila Mzungu kukaa katikati, likaanza kuwalipia nauli. Ni uamuzi wa busara, na si wafadhili wote wanaoufikia.

Jambo lililonivutia si semina zao. Semina tumezijua: ukumbi, karatasi ukutani, chai ya saa nne na picha ya pamoja. Lililonivutia ni kwamba hawa waliletwa kulala shambani, chini ya paa la watu, wachote maji na wenyeji na wagombanie zamu ya kuoga.

Ugeni ulianza na mkono. Girl Guides na Skauti duniani kote hupeana mkono wa kushoto, na husimuliwa kwamba asili yake ni shujaa aliyeweka chini ngao, ambayo hushikwa kwa kushoto, kuonyesha kuwa anamwamini aliye mbele yake. Binti Mkenya, kwa furaha ya kufika, akamnyooshea bibi mkono huohuo. Pwani mkono wa kushoto haupewi mtu, sembuse mtu mzima, sembuse bibi. Bikizee alibaki na mkono wake wa kulia hewani.

"Mjukuu wangu, hiyo nani kakufundisha?"

Mama mwenye nyumba akaingilia kati, akaeleza habari ya ngao, akaongeza kuwa mkono huo ndio ulio karibu na moyo. Bibi akafikiri kidogo. "Moyo uko huko, sawa. Lakini chakula changu kiko huku." Akanyoosha tena wa kulia, na binti akaupokea kwa mikono miwili huku akitamka shikamoo yake ya Nairobi, iliyotoka kwa shida kama mtu anayekumbuka namba ya simu ya zamani.

Aliyeshinda siku hiyo ni Mganda. Katika Buganda binti humsalimu mkubwa akiwa amepiga magoti, na yeye hakungoja kuambiwa, alipiga magoti palepale kwenye mchanga wa uani. Bibi alimwitikia marahaba tatu. Kuanzia hapo kila aliyetaka kitu kwa bibi alimtuma Mganda.

Kulipokucha waliingia shambani. Vuli ilikuwa imeanza kudondoka, na mvua za vuli Pwani hazimngojei mtu amalize chai. Kazi ilikuwa kupanda mihogo. Baba mwenye nyumba, kwa ualimu uliomkaa mwilini, aliwapanga mstari na kuwaonyesha jinsi ya kukata mbegu: unachagua mti uliokomaa na usio na ugonjwa, unakata vipande vya sentimita 20 hadi 30 vyenye macho ya kutosha, unapanda kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja. Binti Mnyarwanda alitaka wagawane mistari na kushindana. Kwao Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni umuganda, nchi nzima inatoka kufanya kazi za pamoja, na ilionekana wazi kuwa amezoea kazi yenye kiranja na saa ya kumaliza. Baba alikubali. Wazaramo wa shamba la jirani, waliokuwa wakilima kwa mwendo wao huku wakipiga soga, waliegemea majembe na kutazama mashindano yale kwa huruma.

Kibaha si mahali pa kuuchukulia muhogo kwa wepesi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Kibaha, kinachojulikana zaidi kwa miwa, ni miongoni mwa vituo vilivyohangaika na magonjwa mawili yanayowatesa wakulima wa ukanda huu. Batobato huonekana, kwani jani linajikunja na kuwa na mabaka. Michirizi ya kahawia ni msaliti. Mti unaweza kusimama kijani na mzuri, mkulima akangoja mwaka mzima, akaja kung'oa na kukuta ndani ya kiazi kumekauka na kuoza kama mti wa zamani. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza huko Amani, Tanga, katika miaka ya 1930, na hadi leo dawa yake ni mbegu safi na aina inayovumilia. Aina ya Kiroba, ambayo wakulima wa Pwani waliijua kabla ya watafiti kuipitisha rasmi, ndiyo iliyokuwa ikipandwa asubuhi ile. Binti Mmalagasi aliomba arudie kuelezwa, akaandika kila kitu. Kwao muhogo ni akiba ya kaya pale mchele unapokwisha.

Kisha ikaja zamu ya jikoni, na hapo ndipo nilipoona ubadilishanaji wenyewe.

Kinu kilitolewa uani, majani machanga ya muhogo yakachumwa, na mama akaanza kutwanga. Kisamvu hakiliwi kibichi. Jani la muhogo lina sumu ya sianidi, na ni kule kutwanga na kuchemsha kwa muda mrefu, bila kufunika chungu mwanzoni, ndiko kunakoiondoa. Mmalagasi alipoona majani yameanza kulainika kinuni aliruka. Hiki ni ravitoto! Kwao chakula hiki ni cha taifa, na hupikwa na nyama ya nguruwe yenye mafuta. Alilisema hilo kwa sauti ya furaha kubwa, katika nyumba ya Kiislamu, mbele ya bibi mwenye tasbihi. Kimya kikapita. Mkenya akatafsiri kwa kupunguza: "Anasema kwao wanaweka nyama." Mama mwenye nyumba alikuwa ameelewa vizuri sana, akacheka mpaka akauachia mchi. "Hapa tunaweka nazi, mwanangu. Nguruwe mwache hukohuko baharini."

Mnyarwanda naye alikuwa na lake. Kwao ni isombe, na karanga huingia humo. Mganda peke yake ndiye aliyeonekana kushangaa jinsi watu wanavyoweza kushangilia jani la muhogo, kwani kwa Waganda jani lenye heshima ni la mgomba, la kufungia matoke. Ilibidi akune nazi kama adhabu. Mbuzi ya kukunia hakuwahi kuikalia, na kwa muda mrefu aliikalia kinyumenyume.

Wali ulipoiva na kupakuliwa, chini ya sufuria ukabaki ukoko. Watoto wa nyumba waliusogelea kama kawaida yao, wakakuta Mmalagasi amewatangulia na kikombe cha maji. Alimimina maji juu ya ukoko, akairudisha sufuria motoni, akangoja yachemke na kuwa na rangi ya dhahabu, akawapa watu wanywe. Ni ranovola, kinywaji cha mezani Madagascar, nchi ambayo watu hula wali asubuhi, mchana na jioni. Watoto walionja, wakatazamana, wakatangaza kuwa wameibiwa ukoko wao. Bibi alikunywa kikombe kizima na kuomba cha pili. Tumbo lake, alisema, halijapata kutulia hivyo tangu mfungo.

Usiku, mama alipowagawia mabinti kanga, Mmalagasi alifungua begi lake akatoa lambahoany. Ilipita mkono kwa mkono chini ya taa. Ni nguo ya pamba ya kujifunga, ina pindo, ina mji wa katikati, na upande wa chini ina maneno ya methali yaliyochapwa kwa herufi kubwa. Kama si lugha, ungedhani imenunuliwa Kariakoo mtaa wa Uhuru. Wanawake wa pande mbili za bahari hii wamekuwa wakisemezana kwa nguo muda mrefu, na hakuna semina iliyowafundisha.

Mchana uliofuata tulikwenda Tumbi, kulipo Shirika la Elimu Kibaha, kwa sababu mabinti walitaka kuona mahali palipoanza uhusiano wa Pwani na watu wa Skandinavia. Historia yake inafaa kukumbukwa. Tanganyika ilipokuwa changa, nchi nne za kaskazini ya Ulaya, yaani Denmark, Finland, Norwei na Sweden, zilikubali kushirikiana nayo katika mradi mmoja, na mwaka 1963 kikaanzishwa hapa Kituo cha Nordic Tanganyika. Kazi yake ilikuwa kupambana na wale maadui watatu wa Mwalimu Nyerere: ujinga, maradhi na umaskini. Dhidi ya ujinga ikajengwa shule ya sekondari. Dhidi ya maradhi kikawekwa kituo cha afya, ambacho leo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, Tumbi. Dhidi ya umaskini kikawekwa chuo cha kuwafunza wakulima. Mwaka 1970 vyote vilikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania, na ndipo likazaliwa shirika la leo.

Mwaka huohuo wa 1963, huko Norwei, ndipo lilipoanzishwa lile shirika la Fredskorpset ambalo warithi wake leo wanalipia nauli ya binti wa Antananarivo. Miti miwili iliyopandwa mwaka mmoja, na kivuli chake kimekutana Kibaha. Nilipowaambia hilo, Mganda aliuliza swali ambalo viongozi wa misafara huwa hawaulizi: hiyo shule ya sekondari ilikuwa ya wasichana pia? Haikuwa. Kibaha Sekondari, moja ya shule zenye sifa kubwa nchini, ni ya wavulana wenye vipaji. Wasichana walikuja kupata nafasi zao katika shule nyingine.

Lakini chuo cha wakulima kilikuwa na bahati nyingine. Mwaka 1975 Tanzania, ikifuata mfano wa vyuo vya watu wazima vya Sweden, ilianza kufungua Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, na chuo cha Kibaha kimo katika ukoo huo. Sasa vipo zaidi ya 50 nchini. Katika miaka ya karibuni vyuo hivyo vimekuwa mlango wa nyuma kwa wasichana waliofungiwa mlango wa mbele. Kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, binti aliyeacha shule kwa ujauzito au ndoa hurudi kusoma sekondari na ufundi huku mtoto wake akilelewa chuoni. Kwa miaka mingi shule za serikali zilikuwa zikimfukuza binti mjamzito na kutomrudisha. Katazo hilo liliondolewa Novemba 2021. Mkenya alisema kwao kurudi shule baada ya kujifungua kumeruhusiwa kwa muda mrefu, akaongeza kwa uaminifu kwamba kuruhusiwa na kurudi ni mambo mawili.

Jioni maongezi hayo yalimfikia bibi, naye akawa na la kusema kuhusu wasichana kukusanywa nyumba moja. Yeye alichezwa ngoma. Alipovunja ungo alitiwa ndani, akawa mwali. Katika Uzaramo wa enzi zake mwali alikaa miezi, na kabla ya hapo hata miaka, asionekane na wanaume, akifundishwa na kungwi namna ya kukaa na watu, kutunza mwili wake na kutunza nyumba. Wakati huo mwali alipewa mwana hiti, kisanamu kidogo kisicho na mikono wala miguu, chenye kichwa na matiti, akimpaka mafuta na kumlea kama mwanawe. Sura ya mwana hiti ilichongwa pia kwenye viti vya heshima na kwenye nguzo za makaburi. Leo nyingi ziko makumbusho za Ulaya. Mtafiti wa Kifini Marja-Liisa Swantz, aliyeishi Bunju katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, aliandika kitabu kizima kuhusu mila hizi za Wazaramo, kilichotoka mwaka 1970. Wazaramo wenyewe wamezitunza kwa ngoma, na wengi wamezifupisha: siku hizi mwali huwekwa ndani wakati wa likizo, akatoka shule zikifunguliwa.

Mabinti walisogea. Mganda akasema kwao kazi ya kungwi ni ya ssenga, shangazi upande wa baba. Mnyarwanda akataja urubohero, nyumba ambamo wasichana wa zamani walikusanyika kusuka mikeka na kufundwa na wakubwa. Mkenya akaeleza kuwa Tharaka, upande wa Mlima Kenya, tangu mwaka 1996 kumekuwa na mafunzo ya wasichana yaliyowekwa mahali pa ukeketaji: binti hukaa ndani juma moja na wenzake, hufundishwa, hutoka kwa sherehe, na kisu hakimgusi. Mmalagasi alikuwa msikilizaji. Saa nne ya usiku walikuwa bado hapo.

Basi, kuwaweka wasichana pamoja katika nyumba moja, mbali na kwao, wafundishwe na wanawake waliowatangulia, si ugeni ulioletwa na skafu na kiapo cha vidole vitatu. Bara hili lilikuwa na shule hiyo kabla ya Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, kuzaliwa. Tofauti ni upande mlango unaofungukia. Mwali aliingizwa ndani ili atoke akiwa tayari kwa mume. Hawa wametolewa nje, wamevuka mipaka, na anayewangoja nyumbani ni kikundi cha wasichana wadogo watakaotaka kusikia habari. Nadhani bibi aliielewa tofauti hiyo haraka kuliko sisi. Alichouliza ni kama huko wanakokwenda kuna mtu mzima wa kuwaangalia. Alipoambiwa yupo, akaridhika.

Baada ya Kibaha ilikuja zamu ya wilaya jirani ya Kisarawe, na safari hiyo tuliifanya kwa gari la kukodi, kwa njia ya ndani badala ya kurudi mjini na kuzunguka Gongo la Mboto na Pugu. Ni njia ya vumbi na mabonde, na ukiipita ndipo unapogundua kuwa wilaya hizi mbili ni majirani wa mlango kwa mlango waliozoea kutembeleana kupitia sebule ya Dar es Salaam. Hata maji yamefanya hivyo. Kisarawe, mji wa vilimani kilomita 35 hivi kutoka jijini, uliishi miaka mingi kwa visima, mabwawa na madumu ya kununua, mpaka Juni 2020 Rais John Magufuli alipozindua mradi wa kuyapandisha maji kutoka Kibamba. Maji hayo yanatoka mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi. Yaani chai ya Kisarawe inachemka kwa maji ya Kibaha.

Tuliingia kwenye Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu na Kazimzumbwi na kushuka garini. Misitu hii ya pwani ni mabaki ya misitu ya kale sana, na humo anaishi komba wa Rondo, mnyama wa usiku mwenye uzito wa gramu zipatazo 60, ambaye duniani hapatikani ila katika vipande vichache vya misitu ya pwani ya Tanzania. Hatukumwona, na hakuna aliyetarajia, maana saa sita mchana komba amelala. Tulichokiona ni visiki. Kazimzumbwi imekatwa mkaa kwa miongo, na mkaa huo umepikia Dar es Salaam. Mto Msimbazi unaofurika Jangwani kila masika unaanzia katika vilima hivihivi, kwa hiyo mti ukianguka Kisarawe, maji huingia dukani kwa mtu Jangwani. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania kufikia mwaka 2034. Mabinti, ambao asubuhi hiyo walikuwa wamepikia kuni na kutoka na macho mekundu, hawakuhitaji kuhubiriwa. Walipanda miche mahali walipoonyeshwa. Mnyarwanda aliihesabu.

Tulipita Minaki. Shule hii wamisionari wa Kianglikana waliianzisha mwaka 1925 kwa kuhamisha chuo chao cha Kiungani kutoka Zanzibar, na kwa miongo ilitoa makarani, walimu na wanasiasa, wavulana wote. Halafu katika wilaya hiyohiyo tukaambiwa habari za shule mpya. Jokate Mwegelo, alipokuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe kuanzia 2018, alianzisha kampeni ya Tokomeza Zero kupambana na matokeo mabaya ya kidato cha nne, akachangisha fedha kwa wasanii, kampuni na wananchi, na sekondari ya wasichana yenye bweni ikajengwa. Ina jina lake. Wapo wanaonung'unika kuhusu jina. Mimi nasema jina ni jambo dogo kwa binti aliyekuwa akitembea kilomita nyingi porini kwenda shule ya kata.

Kijijini tulipoishia ilikuwa msimu wa korosho. Korosho Pwani haiuzwi tena kwa mchuuzi anayekuja na mzani wake. Inapelekwa chama cha msingi, kisha ghala kuu, kisha mnadani chini ya chama kikuu cha CORECU, na mkulima hungoja fedha zake benki, akilalamika au akishukuru kwa kadiri bei ilivyokwenda. Mabinti waliokota. Waliambiwa watenganishe korosho na bibo kwa kuzungusha, wasiguse mafuta ya ganda kwa sababu yanababua ngozi, na bibo wale watakavyo lakini madoa yake kwenye nguo hayatoki. Mkenya hakusikiliza la mwisho, na shati lake jeupe likawa ushahidi.

Katika familia hiyo ya Kisarawe alikuwapo binti wa kidato cha tatu. Aliwaongoza wageni siku nzima, akawa mkalimani wao kwa Kiingereza cha shule ambacho aliogopa kukitumia saa ya kwanza na kuanzia saa ya tatu hakikunyamaza. Alijua miti kwa majina, alijua bei ya korosho ya mnada uliopita, na alimsahihisha baba yake kuhusu idadi ya kilo. Mganda alipomwuliza yuko kikundi gani cha Girl Guides, alijibu kwamba shuleni kwao hakuna.

Hapo ndipo penye kasoro ya mpango huu mzuri. Wasafiri wake wengi ni mabinti wa mijini waliosoma, wenye pasipoti, wanaojua kujaza fomu kwenye intaneti na kujieleza mbele ya kamati. Shamba linakuwa mahali wanapopelekwa, na binti wa shambani anakuwa mwenyeji wa kudumu: anapika, anaongoza, anapungia mkono gari. Ubadilishanaji wa upande mmoja ni ziara tu. Kigezo cha umri na elimu kina sababu zake, kwani miezi ya ugenini si mchezo na kazi inayofanywa huko ni kazi kweli. Lakini safari hazianzii uwanja wa ndege. Binti wa Kisarawe angeweza kuanza kwa kwenda Kibaha wakati wa likizo, kisha Morogoro, kisha Kampala atakapotimiza umri, endapo kungekuwa na mtu wa kuliandika jina lake mapema.

Mzazi wa Maneromango, Msanga, Soga au Mlandizi anayesoma haya na aende shuleni kwa bintiye aulize kama kuna kikundi cha Girl Guides na nani mlezi wake. Kama hakipo, mwalimu mmoja wa kike aliye tayari anatosha kuanza, na makao makuu ya TGGA yapo Upanga, Dar es Salaam. Na viongozi wa chama, mtakapokaa kuchagua wasafiri wajao, familia zinazowapokea wageni wenu Kibaha na Kisarawe zina mabinti. Waulizeni majina.